UZI: Mwanafunzi wa ustawi wa jamii akiwa nyanjani Lamu na Malindi, anasimamiwa na nani?

Mwanzisha uzi, Amu

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wanaosomea shahada ya ustawi wa jamii huvuka kwa boti kutoka Mokowe kuja Amu, yaani mji wa Lamu, wakiwa na barua ya chuo, kitabu cha kumbukumbu za kila siku na cheti cha bima. Hupokewa vizuri, kisha huonyeshwa meza. Kuanzia hapo wengi wao hupanga mafaili, hunakili majina ya wazee wanaosubiri fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hupokea simu, na mara mojamoja hufuatana na afisa anapokwenda kuzuru familia. Muda wao ukiisha, kitabu hutiwa sahihi na kupigwa muhuri, na kijana hurudi chuoni akihesabiwa kuwa amefunzwa kazi. Nimewapokea wanafunzi hawa kwa miaka kadhaa na nawapenda, na ndiyo sababu naandika: sidhani kwamba tunawafunza.

Sitaki tujadili mtaala wote. Nataka tuzungumze juu ya jambo moja ambalo naliona kuwa ndilo moyo wa shahada hii, nalo ni usimamizi: ni nani anayemsimamia mwanafunzi akiwa nyanjani, na msimamizi huyo hufanya nini hasa.

Wengi husema kwamba tatizo ni muda mfupi. Hesabu haisemi hivyo. Marekani, baraza linaloidhinisha masomo ya taaluma hii hudai kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe nyanjani kwa saa zisizopungua 400. Mwanafunzi wetu anayekaa ofisini kwa wiki 12, siku tano kwa wiki na saa nane kwa siku, hufikisha saa 480. Tofauti iko kwingine. Huko Marekani, anayemwelekeza mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa awe mwenyewe amesomea taaluma hii na kuifanya kwa miaka isiyopungua miwili tangu ahitimu. Uingereza nako mafunzo ya nyanjani kwa kawaida hugawanywa katika vipindi viwili, kimoja cha siku 70 na kingine cha siku 100, katika sehemu mbili zenye kazi tofauti, na hapo huongezwa siku 30 za kujifunza stadi zenyewe, ili mwanafunzi asiingie katika nyumba ya mtu bila kujua hata namna ya kuanza mazungumzo. Kwetu, anayetia sahihi kile kitabu anaweza kuwa karani, au mhasibu, au afisa mwenye moyo mwema aliyesomea jambo jingine kabisa na ambaye mafaili yake mwenyewe yamemshinda.

Usimamizi ninaousema ni saa moja kila wiki, mlango ukiwa umefungwa na simu zimezimwa, ambapo mwanafunzi na msimamizi huitazama kazi moja iliyofanywa wiki hiyo. Njia niipendayo ni ya zamani lakini sijaona iliyoishinda: mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mteja kama yalivyokwenda, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka, katika safu ya kwanza, katika safu ya pili huandika alichohisi na sababu ya kusema alichosema, safu ya tatu huachiwa msimamizi. Mwanafunzi akifanya hivi mara chache tu huanza kujisikia anapozungumza, na hilo hakuna mhadhara unaoweza kumpa.

Tuchukue nyumba ambayo kila aliyefanya kazi hii katika kisiwa cha Pate ataitambua. Bibi analea wajukuu watatu. Mama yao yuko Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, baba anavua na huonekana kwa nadra, na binti mkubwa, mwenye umri wa miaka 14, ameacha kwenda shule. Mwanafunzi asiye na msimamizi ataandika kwamba familia ni maskini na inahitaji msaada. Hajasema uongo, ila ripoti hiyo haimwongozi mtu yeyote kufanya lolote. Mwenye msimamizi ataulizwa: ulipouliza kuhusu shule, ni nani aliyejibu, na binti mwenyewe alikuwa wapi? Je, ulipata nafasi ya kuzungumza naye peke yake? Fedha zinazotumwa na mama hupitia mikononi mwa nani? Yule mjomba aliyekuja akakaa barazani katikati ya mazungumzo ana sauti gani katika nyumba ile? Bibi alipoanza kulia, kwa nini uliharakisha kufungua swali jingine? Na kuna posa iliyoletwa? Mwanafunzi huyu anajua kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa miaka 18, kwa sababu aliisoma akafanyia mtihani. Asichokijua ni namna ya kuuliza habari ya posa bila mlango wa nyumba ile kufungwa kwake na kwa kila atakayekuja baada yake.

Huko ndiko kujifunza kazi ninakokutaka. Naomba walioko Malindi, na vijana wenyewe, waseme wanavyoona.

Mchangiaji, Malindi

Wa alaykum salaam, kaka. Umeligusa jambo linalotuumiza huku pia, ingawa huku sura yake ni nyingine.

Mji wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza nchini kupata kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, mwaka 2015, kwa sababu heroini ilikwisha kuingia katika nyumba nyingi za Pwani kabla ya watu wa bara kuamini kwamba iko. Mwanafunzi akiletwa katika huduma za namna hii, siku za mwanzo huwa na hamu ya kuwanasihi vijana waache. Huona foleni ya watu wanaokuja kila siku kunywa dawa mbele ya mhudumu wa afya, akadhani kazi imekamilika hapo. Ni msimamizi anayepaswa kumgeuza uso atazame nyumbani: mama anayesema kwamba mwanawe amebadilisha ulevi mmoja kwa mwingine tu, kaka waliokwisha kumfukuza kwa sababu ya wizi, mke aliyerudi kwao, mwajiri asiyetaka mtu anayepaswa kupita kliniki kila asubuhi. Dawa hutolewa na wauguzi na wafamasia. Kumrudisha mtu katika nyumba yake ni kazi yetu, na haionekani ukiwa umekaa kwenye meza ya usajili.

Liko jambo zito zaidi ambalo nataka liandikwe. Mwezi wa Aprili 2023 miili ya waumini waliofunga kula hadi kufa ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na idadi ikapita 400. Familia zilikuja Malindi kutoka pande zote za nchi kutafuta watu wao, wakatoa sampuli za vinasaba, wakaambiwa wasubiri. Miili ya kwanza iliyotambuliwa ilianza kukabidhiwa jamaa mwezi wa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mtu anayesubiri kwa muda huo hazungumzi kama aliyefiwa, wala hazungumzi kama aliyepotelewa na mtu. Anaweza kukuuliza leo kama upo uwezekano kwamba mtoto yu hai, na kesho akakuuliza bei ya sanda. Walikuwapo pia walionusurika, wengine wakiwa watoto, ambao kula tu kulikuwa jambo la kuanza upya.

Sisemi wanafunzi wasiguse majonzi ya namna hii. Wakihitimu watakutana nayo. Nasema kwamba kijana wa miaka 21 hawezi kuachwa ayakalie siku nzima kisha arudi katika chumba cha kupanga akalale nayo. Msimamizi yupo pia ili kumlinda mwanafunzi: kumtazama kama anakula, kama amekuwa mkali au amekufa ganzi, kumwambia leo usiende, na kumwambia bila kumfedhehesha. Mahali pasipo na mtu wa kufanya hivyo, chuo hakifai kupeleka mwanafunzi hata mmoja, hata kama ofisi inaomba msaada wa mikono.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nyumbani Witu

Nawaamkia wakubwa zangu kwa heshima, na nawashukuru kwa kutuandikia.

Mimi nitakwenda nyanjani mwaka huu na ningependa nirudi kwetu Lamu. Yako mambo yanayonitatiza. Darasani tunafundishwa sheria za watoto na mahakama, lakini Kadhi hutajwa katika aya moja tu, ilhali najua kwamba familia nyingi za kwetu zikigombana huenda kwake kwanza. Pili, tunafundishwa kutunza siri za mteja. Hili nalielewa, lakini mtu atatunza vipi siri katika mji ambao kila anayepita ujirani hujua umetoka nyumba gani? Tatu, naomba mnisamehe nikilitaja, ni nauli. Mtu akipangiwa kazi ya kwenda Kizingitini au Kiwayu, boti hulipwa na nani?

Mwanzisha uzi, Amu

Binti yangu, maswali yako yote matatu ni ya mtu aliye tayari kwa kazi. Nitaanza na Kadhi, kwa sababu hapa ndipo naona vyuo vinapoteza nafasi kubwa.

Ibara ya 170 ya Katiba humpa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa naye. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuelewa maisha ya mama aliyeachwa na watoto wanne hapa Amu hawezi kuipita mahakama ile kana kwamba ni jambo la dini peke yake. Aombe ruhusa, akae aangalie namna mashauri yanavyosikizwa, aone mwanamke anavyoeleza habari ya matunzo, aone ni lini wazee wa pande mbili huitwa na ni lini hawaitwi. Kisha arudi kwa msimamizi waulizane: Ibara ya 53 inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, je, katika mgogoro huu mtoto alitajwa mara ngapi, na ni nani aliyemtaja?

Mfano wa pili wa mambo yanayopita haraka darasani ni kafala. Muislamu anayemchukua mtoto asiye na malezi humlea, humlisha na humsomesha, lakini mtoto hubaki na nasaba ya baba yake mzazi. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imeitambua kafala miongoni mwa njia za kumpatia mtoto malezi ya kifamilia. Nimeona vijana waliohitimu wakiwaeleza wazee wa Siyu habari ya kuasili mtoto, wazee wakanyamaza kwa adabu na shauri likafia hapo, wakati njia ambayo wazee wale wanaijua tangu utotoni imo ndani ya sheria ileile ambayo kijana ameishika mkononi. Kijana hakosi akili. Hakuwepo mtu wa kumwambia asome kifungu hiki kwanza kabla ya kupanda boti.

Kuhusu siri, ni kweli kwamba vichochoro vya Amu havimfichi mtu. Kwa hiyo siri huku hulindwa kwa mwenendo zaidi kuliko kwa kabati lenye kufuli, ingawa kabati nalo ni lazima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wa ofisi ndogo. Usitembee na faili lililoandikwa jina la ofisi. Ukiwa na shauri katika mtaa, zuru nyumba zaidi ya moja ili hakuna itakayonyooshewa kidole. Mwulize mteja angependa kukutana wapi na saa ngapi, maana kwa mwanamke wa Mkomani ziara ya mchana ya kijana wa kiume inaweza kuwa balaa kuliko tatizo lililokuleta. Na ndani ya boti usizungumze habari ya kazi hata kwa mafumbo. Watu wa Pate wana jamaa katika kila kijiji, na mafumbo ndiyo wanayoyaelewa haraka zaidi. Siri hiyohiyo ina mpaka wake, nao lazima umweleze mteja tangu mwanzo: mtoto akiwa hatarini utasema, na utasema kwa wanaohusika. Nambari ya simu ya watoto ni 116, na haitozwi.

Nauli hulipwa na aliyekutuma. Hilo liandikwe katika makubaliano kati ya chuo na ofisi kabla hujafika. Ofisi isiyo na fedha za boti ikwambie mapema, nawe upangiwe kazi zinazofikika kwa miguu. Zipo nyingi hapa kisiwani.

Mhadhiri, Kilifi

Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma kwa makini na sehemu kubwa nakubaliana nawe, lakini naomba uone pia upande wa waliobaki chuoni. Mhadhiri mmoja anaweza kuwa na wanafunzi waliotawanyika kutoka Lungalunga hadi Lamu. Anatakiwa kumzuru kila mmoja, na fedha za safari huchelewa au hazitoshi. Barabara ya Garsen hadi Lamu imekuwa na vipindi vya hatari ambavyo sote tunavijua. Ndiyo sababu ziara moja hufanywa kwa haraka, na nyingine hugeuka kuwa simu.

Pamoja na hayo, sitaki kuifanya shida kuwa hoja. Taaluma hii haikuzaliwa darasani. Kozi ya kwanza ya New York, mwaka 1898, ilikuwa ya kiangazi na iliwahusu watu waliokuwa tayari wanafanya kazi katika mashirika ya misaada. Shule ya Amsterdam ikafuata mwaka 1899. Mary Richmond, ambaye kitabu chake cha mwaka 1917 kiliweka misingi ya kuchunguza hali ya mteja, alianzia katika shirika la Baltimore akiwa msaidizi wa mweka hazina. Afrika nayo haikuanza jana: Johannesburg ilikuwa na shule ya Jan Hofmeyr tangu mwaka 1941, na Dar es Salaam ina chuo chake cha ustawi wa jamii kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kote huko, vitabu viliandikwa na watu waliokwisha kugonga milango ya watu.

Swali langu ni la utekelezaji. Ikiwa Lamu hakuna wasimamizi waliosomea taaluma hii katika kila ofisi, je, tusipeleke wanafunzi kabisa? Nikifanya hivyo, watabanana Mombasa, na Lamu itaendelea kupata wahitimu wasioijua.

Mwanzisha uzi, Amu

Maalim, nakushukuru, na swali lako ndilo nililolingoja. Hata kule Marekani, pale ambapo anayemwelekeza mwanafunzi ofisini hana shahada ya taaluma hii, mahali hapo hapafutwi. Chuo chenyewe hubeba jukumu la kuhakikisha kwamba mtazamo wa taaluma haupotei. Tunaweza kufanya hivyo. Afisa wa ofisi abaki kuwa kiongozi wa kazi za kila siku, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua watu na taratibu. Kisha vyuo vinavyoleta wanafunzi huku vikubaliane kumlipa msimamizi mmoja wa taaluma, anayeishi hapahapa, akutane nao kwa pamoja kila wiki. Wakiwa sita au saba, mmoja analeta shauri la mtoto, mwingine la mgonjwa katika hospitali ya King Fahd, mwingine la kijana wa Mpeketoni ambaye familia yake bado inabeba yale mashambulizi ya Juni 2014. Kila mmoja hujifunza kwa shauri la mwenzake. Malipo ya mtu huyo mmoja sidhani kama yatazidi gharama ya mhadhiri kusafirishwa kwa ziara ya nusu saa kwa kila mwanafunzi.

Nalo baraza la taaluma lina umuhimu wake. Afrika Kusini wanafunzi wa ustawi wa jamii husajiliwa na baraza wakiwa bado masomoni, na hivyo maadili huwahusu kabla ya kuhitimu. Kwetu watu wengi hubeba jina la kazi hii bila kuisomea. Lakini tusingoje sheria ili tuanze kukaa na vijana saa moja kwa wiki.

Mzee wa mtaa, Faza

Wanangu, mimi si msomi wa mambo haya, ila nimewapeleka wanafunzi wenu nyumba kwa nyumba. Huja, huandika, watu huwafungulia vifua vyao, kisha siku moja hawaonekani tena. Yuko mama mmoja huku aliyeniuliza, yule kijana amepatwa na nini, mbona harudi? Alidhani amefariki. Wafundisheni pia kuaga.

Mwanzisha uzi, Amu

Mzee wangu, neno lako ni zito na ni haki. Katika taaluma yetu kumaliza uhusiano na mteja ni hatua kamili ya kazi, yenye kutayarishwa tangu siku ya kwanza: mteja aambiwe mwanafunzi atakaa hadi lini, akumbushwe muda unapokaribia, ajue ni nani atakayeendelea na shauri lake, na aagwe ana kwa ana. Kitabu cha kumbukumbu hakina ukurasa wa hilo, ndiyo maana husahauliwa. Nitaomba vitabu vya wanaokuja kwetu visitiwe sahihi mpaka waonyeshe orodha ya walioagwa na jina la afisa aliyepokea kila faili.

Na wewe binti wa Witu, kabla ya kukubali mahali, iulize ofisi ni nani atakayekaa nawe kila wiki, siku gani na saa ngapi; amesomea nini; utakuwa na mashauri yako mwenyewe mangapi, hata kama ni mawili tu; na ukikutana na jambo lililokuzidi usiku, umpigie nani. Ukijibiwa kwamba utaona ukifika, mwombe mhadhiri wako akutafutie mahali pengine.

Wakati vyuo vinaendelea kulifikiri pendekezo langu, mimi na mwenzangu mmoja tutakaa na wanafunzi wote watakaokuwa Lamu likizo hii, kila Jumamosi, hapa Amu, bila malipo. Saa itapangwa kila wiki kufuata maji, ili wanaotoka Faza na Kizingitini wapite mkondo wa Mkanda bila kukwama. Kila mmoja alete mazungumzo aliyoyaandika kwa safu tatu, akiwa ameondoa majina ya watu, ya vijiji na ya vyombo vyao vya baharini, kwa sababu hapa jina la jahazi humtaja mwenyewe.